Kasoro za Programu ya Nota: Kuripoti au Kukwepa?

Walimu wa kwaya wa Malindi wanaoandika nyimbo kwa MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia nota, wana zoea moja: programu ikisumbua, wanaikwepa. Maneno ya ubeti wa pili yakipanda juu ya yale ya ubeti wa kwanza, mwalimu huyasukuma kwa mkono, akachapisha, akaenda zake mazoezini. Kwa anayeandaa wimbo wa mwanzele, ngoma ya Wamijikenda, kwa mashindano ya muziki ya shule, hiyo ni busara. Majaji hawasikilizi visa vya kompyuta.

Wanaotaka turipoti kasoro kwa watengenezaji wana hoja nzito. MuseScore ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, na orodha ya kasoro zake iko wazi kwa yeyote. Finale, programu ya nota ya kulipia, haikuwa hivyo. Ilianza 1988, na Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena. Malalamiko ya wateja waliolipa yalibaki mikononi mwa kampuni. Ripoti ya programu huria husomeka hata aliyeianzisha kazi akiondoka.

Lakini ripoti ya maana ni kazi. Utaje toleo, utaje mfumo wa kompyuta, ueleze hatua moja moja hadi kasoro itokee, uambatishe faili fupi ya vipimo (baa) viwili vya muziki badala ya wimbo mzima. Yote kwa Kiingereza, na bando ni lako. Baadaye unajibiwa kwamba jambo limeshasemwa, au kwao halitokei, au ujaribu toleo jipya. Toleo la 4, la Desemba 2022, ni zito kwa laptopu ya mtumba, na programu-jalizi nyingi (programu ndogo za nyongeza) za toleo la 3 hazikufanya kazi humo.

Hata hivyo kukwepa nako kuna deni, na hili halisemwi sana. Neno ulilolisukuma kwa mkono hubaki limesukumwa. Siku kasoro ikirekebishwa, programu inalipanga neno vizuri, kisha inaongeza na ule msukumo wako, na ukurasa unaharibika upya. Toleo la 3, lililotoka 2018, likifungua faili ya zamani lilikuwa likiuliza kama vilivyosukumwa virudishwe mahali pake pa kawaida. Ukikubali, unapoteza na marekebisho uliyoyataka kweli.

Mimi naegemea kuripoti, ila kwa kuchagua. Maneno kupandana kutamkera Mjerumani au Mbrazili kesho. Mwacheni aripoti yeye, ana intaneti nzuri. Soli-fa ndiyo yetu. Kwaya nyingi za Kenya husoma herufi za do, re, mi badala ya nota, kama d:r|m, utaratibu ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kufika kwetu na wamisionari. Programu hizi zimejengwa juu ya mistari mitano, kwa hiyo tunaandika herufi kana kwamba ni maneno ya wimbo, na nukta mbili hazikai sawa na mapigo. Asiyeiandika soli-fa hawezi kuiona shida hiyo.

Ila kwa watengenezaji hiyo si kasoro, ni ombi la kitu kipya, na maombi husubiri zaidi. Ukiyachanganya mawili katika ripoti moja, huenda ikafungwa mapema. Ombi liende peke yake, na picha ya ukurasa wa soli-fa uliochapishwa, vipimo vichache vilivyoandikwa kwa njia yetu ya kukwepa, na maelezo ya wapi herufi ilipaswa kukaa. Walimu wanne wa Malindi wakiliandika pamoja, bando la mmoja linatosha.