Kibla niliyoikuta imefunikwa vigae

Huu ni mwaka wangu wa 11 katika mji wa York, Uingereza, na kila niingiapo katika kanisa kuu la hapa, York Minster, hukuta watu wameinua kamera ndani ya nyumba ya ibada na hakuna anayewakataza, maadamu ibada haijaanza. Dirisha kubwa la mashariki, lililokamilishwa na fundi John Thornton mwaka 1408, limepigwa picha kipande kwa kipande, hata kioo kimoja kikivunjika leo, mafundi watajua ni malaika gani aliyekuwa pale na bawa lake lilielekea wapi. Kwetu Unguja wazee hawapendi kamera iingie msikitini.

Msikiti wa mtaani kwetu Unguja, nilikosomea chuoni nikiwa mdogo, ulikuwa na kibla ya chokaa iliyochongwa maua madogo yaliyofuatana mpaka juu ya tao, na katika ua moja palikuwa na tundu ambalo sisi watoto tulizoea kulitia kidole. Niliporudi likizo miaka minne iliyopita niliikuta imefunikwa vigae vyeupe vinavyong'aa, vilivyoletwa kwa nia njema na kwa fedha za sadaka. Nilipouliza kama iko picha ya ile ya zamani, ilipatikana moja tu: ya ndoa ya ami yangu, yeye na kadhi wameshikana mikono, na nyuma ya kofia ya kadhi linaonekana tao nusu. Kwa hiyo si kweli kwamba kamera haijapata kuingia msikitini. Imeingia mara nyingi, ila imetupiga sisi na kuliacha jengo.

Wasiwasi wa wazee wetu naujua na nauheshimu. Mtu aliyesujudu si kitu cha kutazamwa, na wamekwishapita wageni waliopiga picha migongo ya watu walio katika sala kama wanavyopiga picha za machweo. Sipendi hata kidogo tuige desturi ya huku ambako aliyelipa kiingilio hujiona amepata haki ya kupiga chochote. Lakini baina ya adhuhuri na alasiri, watu wakishatawanyika, ukuta hauna aibu ya kupigwa picha.

Chukua msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati, ambalo mpita njia hawezi kulidhania kitu. Ndani yake, katika ukuta wa kaskazini kwenye kibla, mna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jiwe hilo halifutwi na picha, bali na chumvi, unyevu na rangi ya mafuta. Na majengo yetu hayangoji: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani mjini Unguja, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mchana kweupe, wakati ikikarabatiwa. Notre-Dame ya Paris ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, wajenzi walikuwa na vipimo vya leza ambavyo mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alikuwa amevichukua ndani yake miaka kadhaa kabla, na vikawa miongoni mwa kumbukumbu walizozitegemea.

Ninachokiomba ni kamati za misikiti na makanisa yetu ya kale zenyewe zimwite mpiga picha wa mtaani, apige kila ukuta, dari na mlango kwa mwanga wa dirishani, kabla fundi hajapandisha ngazi. Safari iliyopita nilimwomba imamu wa msikiti mwingine ruhusa ya kufanya hivyo. Hakuniuliza kuhusu kamera wala stendi yake, aliniuliza, "Na picha zenyewe, mwanangu, zitabaki kwa nani?" Nilizisafisha zote 62 Darajani, nikampelekea, naye akazitia katika kabati la misahafu.