Dodoso Halimuulizi Binti wa Kidato cha Tatu

Chukua mabinti wawili wa miaka 16, wa kijiji kimoja. Mmoja ameolewa, mwingine yuko kidato cha tatu na bado anaishi kwa wazazi wake. Wadodosaji wa utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria, kama ule wa 2022, wakipiga hodi kwenye nyumba zao, wote wawili wataulizwa kama wana simu, kama ni simu janja, na kama wamewahi kutumia intaneti. Yakifika maswali ya nani anaamua (nani anaamua kuhusu matibabu yako, nani anaamua manunuzi makubwa ya kaya, nani anaamua uende kutembelea ndugu), aliyeolewa ataulizwa. Mwanafunzi atarukwa, kwa sababu maswali hayo ni ya wanawake walio kwenye ndoa au wanaoishi na mwenza.

Utafiti ule siudharau. Ndio uliotuonyesha kwamba mimba za wasichana wa miaka 15 hadi 19 zilishuka kutoka asilimia 27 mwaka 2015–16 hadi asilimia 22 mwaka 2022, na takwimu hiyo inatumika kila mahali, hata na wanaoukosoa utafiti wenyewe. Ila ukilifuata dodoso lilivyopangwa, utaona kwamba habari ya maamuzi inaanza baada ya harusi. Kabla ya hapo binti ana damu ya kupimwa na wadodosaji, na hata hiyo, akiwa hajafikisha miaka 18 na hajawahi kuolewa, inapimwa mzazi akisharidhia. Na hii ni nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kwa hiyo binti huyo huyo mmoja, leo haulizwi chochote kuhusu uamuzi. Akiozwa mwezi ujao, anaulizwa.

Nayaleta haya kwa sababu kila nikisoma ripoti kuhusu vijana balehe na teknolojia nakuta kitu kile kile: simu zimehesabiwa vizuri, maamuzi yamekisiwa. Wasichana asilimia fulani wana simu, wavulana asilimia fulani, pengo ni hili, mapendekezo ni kupunguza pengo. Maoni yangu ni kwamba kwenye nyumba zetu nyingi swali la nani ana simu halina uzito mkubwa. Swali ni nani anaazima, kwa nani, kwa sababu gani, na nani anasimama nyuma yake wakati anaitumia.

Mashirika ya Girl Effect na Vodafone Foundation yalitoa utafiti mwaka 2018 uliogusa nchi 25. Wavulana walikuwa na uwezekano mara 1.5 zaidi ya wasichana wa kumiliki simu. Hilo ndilo lililotangazwa sana. Kuna jingine humo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hilo: asilimia 52 ya wasichana walisema wanategemea simu ya kuazima, na kwa wavulana ilikuwa asilimia 28. Kuazima kuna sheria zake ambazo kila aliyekulia kwenye nyumba ya simu moja anazijua bila kufundishwa. Simu ya mama inaazimwa mchana, akiwa jikoni, na kwa maelezo. Simu ya kaka ina neno la siri na masharti. Kitochi cha baba kinaazimwa kwa kupiga tu, tena akiwa amekaa hapo hapo. Mvulana akisema anataka kuangalia matokeo ya mpira, anapewa. Msichana anaulizwa, "Ya nini saa hizi?" Hapo hapo, kabla hajagusa kitufe, uamuzi umeshafanyika.

Watu wa miradi hili limewasumbua muda mrefu, hata kama hawaliandiki. Karibu na mwaka 2010 shirika la FHI 360 lilianzisha huduma ya m4RH nchini Kenya na Tanzania: ulikuwa unatuma ujumbe mfupi bure, unaletewa maelezo kuhusu njia za uzazi wa mpango, na huhitaji simu janja wala kumtazama mtu usoni. Lilikuwa wazo zuri, na vijana waliitumia huduma hiyo. Lakini jibu linaingia kwenye simu. Simu hiyo ikiwa ya mama, jibu linalala pamoja na ujumbe wa kikoba na wa shangazi, mpaka mtu alifute. Binti wa kuazima anajifunza kufuta kabla ya kujifunza kitu kingine chochote, na mtafiti anayetegemea ujumbe uliobaki kwenye simu atakuta usafi wa kupendeza.

Mahali ninapoliona jambo hili la nani anaamua vizuri zaidi kuliko pote ni steshenari. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mwanafunzi anapewa nafasi ya kubadilisha tahasusi aliyochagua, yaani mchepuo wa masomo atakayosoma kidato cha tano na sita, kupitia mfumo wa TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) unaoitwa Selform. Mwaka 2024 jambo hili lilikuwa zito kuliko kawaida, maana serikali iliongeza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 za zamani, zikawa 65. Watoto waliokuwa wamezoea PCB (fizikia, kemia na biolojia), HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati) wakajikuta mbele ya orodha ambayo hata walimu wao walikuwa wanaisoma kwa mara ya kwanza. Kwa kijana wa miaka 17 huo ni uamuzi ambao utamfuata hadi chuo, na mara nyingi unafanyika kwenye benchi la steshenari, kijana wa dukani akiwa kwenye kibodi na foleni ikisukuma nyuma.

Nimekaa kwenye benchi hizo nikisubiri kuchapa vitu vyangu, na ninachokiona ni hiki. Mvulana huja na mvulana mwenzake. Wanabishana, wanacheka, wanabadilisha, wanalipa, wanaondoka. Kama baba yake ana maoni, atayasikia jioni. Msichana mara nyingi huja na mtu: kaka, mjomba, wakati mwingine baba mwenyewe. Anayeulizwa na kijana wa dukani, "Tuweke ipi?" ni yule aliyemsindikiza. Safari moja mjomba alijibu HGL kwa sauti, binti akasema taratibu, "Mjomba, mimi nilisema CBG," na mjomba akamjibu kwa upole kabisa, tena kwa mapenzi, kwamba sayansi itamtesa. Ikawekwa HGL. Hakukuwa na ugomvi. Kwenye rekodi za Selform itasomeka kwamba mwanafunzi aliingia kwa namba yake ya mtihani na neno lake la siri, akachagua.

Sasa niambie utafiti upi utalikamata tukio hilo. Ukimuuliza binti kama ametumia intaneti mwezi huu, atasema ndiyo. Ukimuuliza baba nani aliamua tahasusi, atasema mtoto mwenyewe, tena ataamini anachosema.

Lakini nisiandike kana kwamba simu inamnyima binti kila kitu, kwa sababu kuna upande wa pili ambao nao haupimwi. Tafuta nyumba yenye bibi asiyesoma vizuri. Ujumbe wa pesa ukiingia, anaitwa nani? Mjukuu wa kike, aliye karibu na jiko. Yeye ndiye anayesoma salio, anayejua namba ya siri ya bibi, anayejua mjomba wa Mwanza ametuma kiasi gani na kwamba safari hii kimepungua. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walionyesha mwaka 2016 kwamba M-Pesa iliziondoa kaya zipatazo 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kwenye kilimo kwenda kwenye biashara. Kazi ile naiheshimu sana. Lakini kaya ni kitu kikubwa, na ndani yake kuna binti wa miaka 14 ambaye ndiye karani wa fedha wa ukoo bila cheo. Anazijua siri ambazo baba yake hazijui. Wapo wanaojifunza kuutumia ujuzi huo: anajua mwezi gani aombe ada na mwezi gani anyamaze. Huo nao ni uamuzi, na sijawahi kuona dodoso lenye kisanduku chake.

Kuhusu wavulana nina neno fupi. Tunapozungumzia jinsia kwenye tafiti hizi tunamaanisha wasichana, na mvulana anakuwa kipimo cha kulinganishia tu. Simu ya mvulana haikaguliwi, basi tunaandika kwamba ana uhuru. Mimi naona amesahauliwa. Usiku wa manane anabeti kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, anaangalia vitu ambavyo hana wa kumuuliza, na nyumba nzima imelala kwa amani kwa sababu dada yake amenyang'anywa simu saa mbili.

Tatizo la mwisho ni la kazi yenyewe, na hili walio kwenye udodosaji wanalijua. Unafika na kishikwambi chako, unaamkia, unaeleza, mzee anatia sahihi fomu ya ridhaa. Kisha unasema, "Baba, naomba niongee na binti peke yake." Naye, kwa haki kabisa, anauliza: "Aongee nini ambacho mimi sitakiwi kusikia?" Ukimjibu vibaya umekosa mahojiano, ukimjibu kwa kulegea, atavuta kiti akae. Nimeona majibu ya mahojiano ya namna hiyo. Binti hana simu, hajawahi kuazima, hajui WhatsApp ni nini. Mkononi kila kidole kina rangi ya kucha aliyoiona huko huko WhatsApp.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Utafiti wa UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika unaopinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL kuhusu usalama wa watoto mtandaoni Tanzania, uliotolewa 2022, uliwauliza watoto wenyewe wa miaka 12 hadi 17, na wazazi nao wakaulizwa maswali yao. Ndiyo maana ukatuambia kwamba karibu theluthi mbili ya watoto hao wanatumia intaneti, na kwamba wanaofikwa na mabaya huko ni wachache mno wanaofika polisi. Baba asingeweza kuyasema hayo kwa niaba ya mtu.

Najua kila swali kwenye utafiti wa kitaifa lina gharama yake, dakika mbili kuzidisha maelfu ya kaya, na wapangaji wana kila sababu ya kuwa wachoyo. Basi siombi sura nzima, naomba maswali matatu kwa kila kijana wa miaka 15 hadi 19, aliyeolewa na asiyeolewa. Mara ya mwisho ulipotumia simu isiyo yako, ulimwambia mwenyewe unaitaka ya nini? Uamuzi wa masomo yako ulipoingizwa kwenye mfumo, nani alikuwa amekaa na wewe? Kuna ujumbe ulioufuta wiki hii ili mtu wa nyumbani asiuone? Na kaka yake aulizwe hayo hayo, kwenye chumba kingine.