Sikuwa Uchi, Nilikuwa na Bukta

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa na bukta. Bukta ni nguo. Huyo swahiba wangu mwenye kibanda cha kuchaji simu, aliyeisambaza ile voisi niliyojirekodi Jumamosi nikiwa ndani ya gari langu kwenye magrupu manne (mojawapo la michango ya harusi iliyofungwa mwaka jana, sijui walibaki mle kufanya nini), ameongeza chumvi nyingi, na la uchi ni punje moja tu. Kwa hiyo leo, kabla hata upara haujazoea jua, nimekaa niseme mwenyewe.

Mnaonifuatilia mnaijua Subira. Kwa wageni: ni Hiace ya dizeli, injini aina ya 3L, niliyoinunua hapahapa Kihonda baada ya yenyewe kustaafu udaladala. Imepiga Kihonda hadi Mjini, Kihonda hadi Mjini, mpaka tajiri wake akaionea huruma. Kioo cha nyuma kimeandikwa SUBIRA YAVUTA HERI, jina likatokea hapo. Mbele kibao cha njia bado kipo. Ndiyo, mlinishauri nikitoe. Nikajibu kitatoka siku ya rangi. Sina la kuongeza hapo.

Na mpango mnaujua: kitanda, jiko la mtungi wa kilo 6, dumu la maji, sola juu, betri chini. Ijumaa jioni natoka Morogoro na mke wangu, tunakwenda kulala Mikumi. Siku nyingine tunapitiliza hadi Udzungwa kutazama maporomoko ya Sanje, tunaamka asubuhi tunachemsha chai mlango ukiwa wazi. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Choo?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Nilipong'oa viti nilikuta ndala moja ya mtoto, sarafu za shilingi 1,850, maganda ya karanga ya kujaza kiroba, na jino. Sikuuliza. Nikapitisha sumaku kwenye bodi kama mlivyonifundisha, kwamba kwenye chuma inanasa na kwenye puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, inadondoka. Ubavu wote wa kushoto sumaku ilinasa mara mbili. Subira upande ule ni puti, rangi na dua za abiria. Mifereji ya paa nayo ilikuwa na kutu ya kuchota kwa kijiko. Hayo yote niliyamaliza kwa msasa na uvumilivu, na picha mliziona, mkanisifia. Ndiyo mkaniponza.

Sasa nisikilizeni kuhusu milango, maana bila milango hamtaelewa.

Mlango wa kuburuta hauna kitasa cha ndani. Haujawa nacho tangu enzi za tajiri. Konda alikuwa anatoa mkono dirishani anafungulia kwa nje. Basi, mwezi uliopita nikaziba madirisha yote: foili ile ya kung'aa inayowekwa chini ya bati, juu yake plaiwudi, skrubu kila shubiri. Wiki iliyofuata nikajenga ukuta wa mbao kutenganisha chumba na siti ya dereva, ili tupate faragha. Wiki ya tatu nikafunga fremu ya kitanda, ikaziba mlango wa nyuma. Ukiyapanga hivi mstari mmoja hata mtoto wa chekechea anaona kinachokuja. Mimi niliyafanya kwa wiki tatu tofauti, na kila nikimaliza najipongeza kwa soda.

Jumamosi, saa saba mchana. Mke wangu kaenda kwenye kikoba. Subira imepaki nje ya geti chini ya mwembe, kwa sababu geti letu ni jembamba. (Chini ya mwembe ule ndipo kilipokuwa kituo. Nalo hilo mlihifadhi.) Kazi ya siku hiyo ni kapeti la dari: mita tatu kwa moja na nusu, rangi ya majivu. Gundi ni ile ya mafundi sofa, ya njano, inavutika kama asali ya nyuki wenye hasira. Muuzaji aliniambia vizuri kabisa: paka kwenye bati, paka kwenye kapeti, usibandike, kaa pembeni mpaka ukiigusa isikushike kidole, ndipo ubandike. Nikamwitikia. Nilikuwa natazama bei.

Nikapaka bati. Nikapaka kapeti. Bodaboda ikapita, ikatimua vumbi mpaka ndani. Nikasema hapana, vumbi litaniharibia gundi. Nikaufunga mlango.

Nikaufunga mlango, ndugu zangu. Kwa mkono wangu huu.

Bati limepikwa na jua tangu asubuhi, mle ndani ni tanuri. Nikavua fulana, ndio maana ya bukta. Kusubiri mpaka isishike kidole? Gundi kwenye joto si inakauka haraka, nikajiambia. Nikalala chali juu ya fremu ya kitanda, nikaanzia nyuma kuja mbele: miguu inasukuma huku, mikono inapapasa kule, kichwa nguzo ya katikati. Likashika! Nawaapia likashika, likanyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Hapo nikaikumbuka simu. Nikaiegemeza kwenye dumu, nikafungua voisi kwa swahiba, nikaiburuta juu ijirekodi yenyewe, nikaanza kutamba: "Mwanangu, njoo uone mikono ya mtu. Fundi wa mjini kanitajia laki tatu na nusu. Laki tatu na nusu! Kwa kazi ambayo..."

Sekunde ya 41. Sikilizeni kwa makini, maana swahiba kawaambia hapo nimejamba. Siyo. Ile "krrrrp" ni kona ya kapeti, ya juu ya mlango, inaachia pole pole kama chapati inayobanduliwa kwenye kikaango kisicho na mafuta.

Nikanyoosha mkono wa kulia nikaishika ile kona. Nayo ikanishika. Kona ya pili ikaachia, nikaiwahi kwa mkono wa kushoto. Nayo vilevile. Zikapita kama sekunde nne za amani. Mimi chali, mikono juu kama ninayekamatwa, kapeti limening'inia kati yetu limefanya tumbo, linanitazama. Nikasema moyoni, usipumue. Sasa mtu ukijiambia usipumue, kitu cha kwanza unachofanya ni kuvuta pumzi ndefu, na pumzi yenyewe ilikuwa gundi tupu. Nikapiga chafya.

Wala halikudondoka kwa kishindo. Lingedondoka kwa kishindo labda ningelikwepa. Lilishuka taratibu, kwa upendo, kama mama anavyomfunika mtoto shuka usiku. Likaanza na kifua (nina nywele za kifua, mke wangu huzisifia, nilikuwa nazo), likaja ndevu, likaja uso, likamalizia na kichwa. Nilikuwa nimefuga nywele tangu Mei. Nikaketi, nalo likaketi. Nikageuka nilivue kwa nyuma, likapata mgongo. Kapeti la gundi ukilinasua hapa linakutafuta pale, halina mbele wala nyuma, kama deni la kausha damu.

Giza. Nikatambaa na blanketi langu mpaka mlangoni. Nikapapasa kitasa. Nikapapasa tena. Nikakumbuka.

Kuanzia hapo voisi inajieleza yenyewe, lakini kuna mambo mawili nataka yaeleweke. La kwanza, mimi ni Mwislamu, baba yangu Mwislamu, babu yangu aliadhini. Pale nilipomwita Bikira Maria nilikuwa natafuta yeyote aliye karibu. La pili, kile kicheko cha dakika ya tatu siyo mimi, ni gundi. Kichwa kilikuwa chepesi, nikaona kapeti na mimi tumetoka mbali, hatuna sababu ya kugombana. Nyie mnaoandika "Subira yavuta heri, mwenye Subira avuta gundi", nawaona. Nimewahesabu.

Nikapiga bodi kwa goti. Jirani alikuwa amefungulia singeli, nahisi alidhani namfuatisha mdundo.

Sasa upande wa pili wa barabara alikuwa amesimama mama mmoja. Miezi karibu minane alikuwa Ifakara kwa mwanawe, karudi wiki hiyohiyo, hajui kama Subira imestaafu. Anachoona ni Subira, chini ya mwembe, kwenye kituo chake, kibao KIHONDA – MJINI, na ndani watu wanagonga bodi. Ana ndoo ya nyanya na jogoo kamfunga miguu. Na kama abiria yeyote wa zamani wa Subira anaujua ule mlango: unainua kitasa, unausukuma kwa bega, ndipo unaburuta.

Dakika ya 4 na sekunde 12. Mwanga ukaingia kwenye kiupenyo kilichokuwa karibu na jicho la kushoto. Nikaona kanga. Nikaona ndoo inapandishwa. Ikaja ile sauti ambayo sasa Morogoro nzima wameiweka mlio wa simu:

"Konda, siti ipo?"

Nilitaka kusema "Mama, nisaidie." Kapeti lilikuwa mdomoni. Kilichotoka mmekisikia.

Jogoo alirushwa. Simlaumu mama, angeweza kurusha ndoo. Jogoo akatua begani kwangu, gundi ikampokea, akaanza kupigania maisha yake. Alipofanikiwa kuondoka aliniachia manyoya ya kutosha mto mdogo. Nami nikarudi nyuma, nikaikanyaga simu, na nahisi kisigino ndicho kilichoituma voisi. Hata kisigino kimenisaliti.

Watu walijaa kwa kasi ambayo kwenye msaragambo hamjawahi kuiona. Nikasikia mmoja: "Mwizi, kaja kuiba betri!" Mwingine: "Mwizi gani ana manyoya? Huyo kadondoka na ungo!" Kura zikagawanyika. Mimi nasubiri matokeo. Ndipo kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Petroli! Leteni petroli!" nikaiona chupa ya maji ya lita moja na nusu inapita juu ya vichwa, njano. Nimeishi miaka 38 katika nchi hii, najua umati ukiita petroli ni kwa ajili gani. Nikaanza shahada.

Kumbe alitaka kuyeyushia gundi. Nimeambiwa baadaye.

Aliyeniokoa ni mama wa jogoo. Alikuwa amekwisha kunikaribia, akaniinamia pale kwenye jicho, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, wewe ni mtu?" Nikaitikia kwa kichwa, kapeti likaitikia. Akageukia umati: "Ni mtu! Na huo uchafu wenu peleka kule, mtamchoma ngozi! Mafuta ya kula, leteni mafuta ya kula!" Mama lishe wa pembeni akaja na kidumu cha alizeti. Wakanikalisha kwenye kizingiti cha mlango, wakanimiminia kuanzia utosini, wakaanza kulibandua kapeti inchi kwa inchi, watu wamekunja duara kama kwenye ngoma, mtoto mmoja anahesabu manyoya kwa sauti. Ya kifuani mama alisema, "Hapa meza mate." Nikameza. Likatoka na kila kitu.

Mengine mafupi. Nywele zimenyolewa zote, ndevu zote, nyusi moja. Mama alikuwa bado anataka kwenda mjini, na kwa haki ile ningekataaje? Nikavaa fulana, nikampeleka. Njiani watu wanne walipunga mkono, nilipopunguza mwendo kueleza kwamba hii si daladala wakawa wameshaingia, wakakaa kwenye fremu ya kitanda, mia sita sita, nikapata 2,400. Jogoo nimemlipa. Alizeti nimeilipa. Mke wangu alirudi jioni, akanitazama kuanzia upara mpaka ndala, akaitazama dari, akasema, "Na choo?"

Mama mkwe yupo Kilosa, hana simu ya intaneti, nikajua huko niko salama. Jana kanipigia: "Baba, pole na kapeti. Nimesikilizishwa kanisani."

Vitasa vya ndani nimefunga leo asubuhi, viwili, kimoja juu kimoja chini. Kibao cha mbele nilikuwa nakitoa sasa hivi, skrubu moja imeliwa na kutu, ndipo nikakaa humu ndani kuwaandikia. Ngoja nikomee hapa, kuna mtu nje kapiga bodi mara mbili na mlango umeanza kuburutwa.