Februari si Mwezi wa Kukaa, Hata Njoro

Nikipiga simu nyumbani Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, mwezi wa Februari na kuuliza habari za shamba, jibu huwa lile lile: hakuna kazi, tunangoja mvua. Nimeishi Uingereza miaka mingi, na kila mwaka jibu hilo linaniuma zaidi, kwa sababu huku niliko Februari ndio mwezi ambao mwenye bustani hatulii.

Niko Falmouth, mji wa pwani katika Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa nchi. Bahari inapunguza makali ya baridi. Jalidi haipigi mara nyingi, na kamelia huchanua wakati watu wa kaskazini bado wanaona theluji. Hata hivyo, katikati ya Desemba mwanga wa mchana ni kama saa nane tu, na udongo ukiwa baridi mbegu huoza badala ya kuota. Basi watu hufanya kazi ambayo matunda yake hayaonekani upesi. Hupogoa mitufaha na mawaridi kabla vichomozo havijafumuka. Hutandaza samadi iliyoiva. Hufunika matuta kwa plastiki ili udongo upate joto. Nyanya na pilipili huoteshwa ndani ya nyumba, dirishani. Viazi vya mbegu hupangwa kwenye trei za mayai mahali penye mwanga, macho yakitazama juu, vitoe vichipukizi vifupi vinene kabla ya kupandwa Machi. Na udongo ukinata kwenye buti, mtu anauacha siku hiyo, maana ukiukanyaga ukiwa umelowa unashindilika na mizizi inakosa hewa.

Wengi wa watu hawa hawana shamba lao. Wanakodi kipande kutoka halmashauri, utaratibu uliowekewa nguvu na sheria ya mwaka 1908, na kipande kizima ni kama mita za mraba 250. Hiyo ni karibu nusu ya ploti yetu ya futi hamsini kwa mia! Nusu ya ploti, lakini inatunzwa mwezi usiozalisha chochote kwa bidii ile ile ya mwezi wa mavuno.

Sisi tuna majira yetu ya baridi, ila hayana baridi. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta na mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kinachofunga shamba Januari na Februari ni ukavu. Vumbi linapaa, mabua yamesimama, ng'ombe wanaachiliwa wayamalize, na yanayobaki yanachomwa moto. Wenye mashamba makubwa ya ngano na mahindi hulima mapema, wao wanajua. Ninaosema nao ni sisi wa ekari moja, wa robo ekari, ambao jembe linatoka stoo baada ya radi ya kwanza.

Hapo ndipo tunapopoteza chakula. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, huko huko kwetu Kenya, alichapisha matokeo yanayotuhusu moja kwa moja: udongo uliokauka kabisa ukinyeshewa, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachilia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Jambo hilo linajulikana duniani kwa jina lake hadi leo. Maana yake kwa mkulima wa Njoro ni kwamba mvua ya kwanza inakuja na mbolea ambayo hakuinunua. Aliyekwisha kuandaa shamba na kupanda mapema, mahindi yake yanaila. Anayeanza kulima wakati huo, mvua zinazofuata zinaizamisha chini, mbali na mizizi, kisha anakwenda dukani kununua ya gunia.

Suala la chokaa nalo. DAP, mbolea ya dukani ya kupandia, ikitiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi kwenye udongo, na udongo wenye asidi nyingi huishika fosforasi, mmea usiipate. Chokaa inasaidia, lakini hufanya kazi taratibu, kwa hiyo haifai kungojewa hadi siku ya kupanda. Iingie Februari, baada ya udongo kupimwa. Wenzetu wa huku pia hutia chokaa majira ya baridi, na hawaiweki pamoja na samadi mbichi, kwani vikikutana naitrojeni hupotea hewani kama amonia.

Mabua yasichomwe. Yalaze kati ya mistari au yaingie kwenye mboji. Udongo wa mteremko ulio uchi ndio mvua kubwa ya Aprili inaouteremsha hadi barabarani.

Kwa viazi tumebarikiwa. Shangi, aina ya viazi tunayoipanda sana, huchipua yenyewe upesi baada ya kuvunwa, hata kabla hujawa tayari. Inachohitaji ni kutandazwa kwenye kichanja chenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja badala ya kufungiwa gizani kwenye gunia, ambako vichipukizi hurefuka vyeupe na kukatika siku ya kupanda.

Sisemi huku wana akili kuliko mama zetu. Mama anayemwagilia sukuma wiki na managu nyuma ya jiko kwa maji aliyooshea vyombo, katikati ya kiangazi, ana ujuzi ambao Falmouth hawaujui. Na samadi! Huku watu wananunua mifuko ya samadi dukani. Nyumbani imerundikwa kando ya zizi, inapigwa jua na mvua bila kifuniko mpaka nguvu yake inaisha.

Ombi langu ni kwa wenye trekta, kuanzia Rongai hadi Molo. Machi kila mtu anawataka siku moja, na mkulima mdogo ndiye anayefikiwa mwisho, mvua ikiwa imeshaanza. Wekeni bei ya Februari iliyo chini kidogo, na majirani wa ekari moja moja wachange waitane shamba kwa shamba, trekta ikifika kijijini isirudi na kazi nusu.