Wingleti: Sifa Inazopewa na Sifa Inazostahili

Ndani ya shirika moja tu, Air Tanzania, utakuta ndege zenye ncha za mabawa za aina nne. Airbus A220-300 ina kijibawa kilichopinda kwenda juu. Boeing 737 MAX 9 ina viwili kila upande, kimoja kimeelekea juu na kingine chini. Boeing 787-8 haina kijibawa kabisa. Bawa lake linazidi kuwa jembamba huku likirudi nyuma hadi linapoishia. Dash 8-400, ile ya mapangaboi, bawa lake limekatika hivyo hivyo bila pambo. Kama kijibawa hicho, wingleti kwa jina la kiwandani, ndicho dawa ya kubana mafuta kama wauzaji wanavyotangaza, mbona hakijawekwa kote?

Mimi naona wingleti imesifiwa kwa jambo lisilo lake. Inafaa, tena sana, lakini inafaa pale ambapo bawa limekatazwa kurefuka. Mkatazaji huyo mara nyingi ni geti la uwanja wa ndege, pale ndege inapoegeshwa.

Tuanze na hewa yenyewe. Bawa linanyanyua ndege kwa sababu mgandamizo chini yake ni mkubwa kuliko juu. Kwenye ncha, hewa ya chini hupata upenyo wa kupanda juu, na nyuma ya bawa zima hewa inasukumwa chini na kujiviringisha kuwa visulisuli viwili vikubwa. Nishati inayoishia humo imelipiwa na injini. Gharama hiyo, yaani ukinzani unaozaliwa na unyanyuaji wenyewe, huchukua takribani asilimia 40 ya ukinzani wote ndege ya abiria inapokuwa angani kwa mwendo wake wa kawaida. Wakati wa kuruka na kupanda, ndege ikiwa nzito na bado haijashika kasi, inaweza kupita asilimia 80.

Hapa ndipo maelezo mengi yanapopotoka. Husemwa kwamba wingleti "inakata" kisulisuli cha ncha na ukinzani unaisha. Doug McLean, mtaalamu wa hewa wa Boeing, alilipinga wazo hilo mwaka 2005: kisulisuli ni matokeo, si chanzo. Chenye uzito ni jinsi unyanyuaji ulivyotandazwa kutoka ncha moja hadi nyingine, na ni upana kiasi gani wa hewa unaohusishwa. Ndiyo maana kanuni ya zamani haijapitwa: kwa uzito na kasi ile ile, ukiongeza upana wa mabawa mara mbili, ukinzani huo unashuka hadi robo. Na ndege ndogo bado inaamriwa isubiri baada ya ndege kubwa kuruka, iwe kubwa hiyo ina wingleti au haina.

Wazo la kuweka kizuizi kwenye ncha ni la zamani kuliko ndege yenyewe. Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1897. Lakini bamba la kusimama wima tu huleta msuguano wake, na faida inamezwa. Aliyeligeuza kuwa kitu cha maana ni Richard Whitcomb wa NASA, katika kituo cha Langley, wakati Marekani ilikuwa bado inaugulia bei za mafuta zilizopanda mwaka 1973. Andiko lake la 1976 halikuelezea ukuta, lilielezea bawa dogo lililochongwa kwa hesabu. Hewa ya ncha haiji moja kwa moja kutoka mbele, inakuja kimshazari. Tanga la jahazi linalokwenda joshi huchukua upepo wa ubavuni likakisukuma chombo mbele. Kijibawa cha Whitcomb hufanya vivyo hivyo. Nguvu yake kubwa inaelekea ndani, kwenye mwili wa ndege, lakini sehemu ndogo inaelekea mbele, na sehemu hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Majaribio ya angani yalifanyika mwaka 1979 na 1980 kwa ndege ya kijeshi ya KC-135. Ukinzani ulipungua kiasi cha kuokoa mafuta kwa asilimia 6.5 hivi. Wapenda wingleti huishia hapo. Wanachokiacha ni kwamba jeshi la anga la Marekani, mwenye mamia ya ndege hizo, halikuzifunga wingleti. Lilichagua kubadilisha injini. Si kwamba Whitcomb alikosea. Fedha ilikuwa na pa kwenda penye faida kubwa zaidi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya wingleti ilitoka ndani ya NASA hiyo hiyo. Mwaka 1980, R. T. Jones na Thomas Lasinski walilinganisha njia mbili: kuliinua bawa kwa kijibawa, au kulirefusha tu, huku mzigo unaopinda shina la bawa ukibaki ule ule. Punguzo la ukinzani lilikaribiana. Kwa maneno mengine, ukiwa na uwanja mpana na mkono huru, kijibawa hakina uchawi ambao urefu hauna. Boeing wenyewe walikuja kuonyesha hivyo kwa vitendo. Boeing 747-400, iliyoanza kazi mwaka 1989, ilijulikana dunia nzima kwa wingleti zake. Mrithi wake, 747-8, hana. Bawa lake lilirefushwa na kuchongwa ncha, likafikia mita 68.4.

Basi kwa nini si kila mtu anarefusha? Kwa sababu viwanja vimegawa ndege kwa madaraja ya upana. Daraja la C mwisho ni chini ya mita 36, D chini ya 52, E chini ya 65, F chini ya 80. Tazama jinsi watengenezaji wanavyobanana kwenye mipaka hiyo: A320 yenye wingleti ina mita 35.8, 737-800 yenye wingleti 35.8 vilevile, A350 ina 64.75, 777-300ER ina 64.8, A380 ina 79.75. Hewa haikupanga namba hizo. Zimepangwa na wino wa rangi kwenye sakafu ya uwanja.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Japani, kwa sababu unakata pande zote mbili. Boeing ilitengeneza 747-400D kwa ajili ya safari za ndani za huko, fupi na zenye abiria wengi. Ikaondolewa wingleti pamoja na kirefusho cha ncha: kwa safari fupi, uzito wake haulipi. Miaka baadaye Boeing ikabuni 787-3 kwa soko hilo hilo la Japani, na safari hii ikaongezwa wingleti ambazo 787 nyingine hazina. Sababu haikuwa mafuta. Bawa lilipaswa kufupishwa hadi chini ya mita 52 ili ndege iingie kwenye mageti ya daraja la D, na wingleti ilikuwa ya kufidia hasara. 787-3 haikujengwa kamwe, lakini mchoro wake unaeleza mengi kuliko matangazo.

Hata hivyo nisiwadhulumu watetezi. Kampuni haiendeshi bawa la kwenye karatasi, inaendesha ndege iliyokwisha kununuliwa. Mtu mwenye 737 ya zamani hawezi kulivuta bawa lake kama mpira. Anaweza kufunga wingleti. Hapo ndipo ubia wa Aviation Partners Boeing ulipofanikiwa tangu mwaka 2001, kwa ahadi ya asilimia 3 hadi 4 katika safari ndefu. Piga hesabu ya haraka: 737-800 hutumia tani 2.5 hivi kwa saa. Safari ya saa 5 ni tani 12.5, na asilimia 4 yake ni kilo 500. Jozi ya wingleti pamoja na vyuma vya kuimarisha bawa ni kilo 200 hivi, lakini uzito huo hauteketei, na asilimia hiyo ya akiba tayari imeuhesabu. Ndege ikipaa kila siku, fedha inarudi.

Kwa Afrika Mashariki kuna hoja nyingine isiyotajwa vya kutosha. Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Kigali haiko mbali na hapo. Hewa nyepesi na joto la mchana huibania ndege wakati ule ule ambao ukinzani wa unyanyuaji uko kileleni. Wingleti inayorahisisha kupanda inaweza kuwa tofauti kati ya kuacha mizigo na kuondoka nayo yote. Faida hiyo haionekani kwenye asilimia ya mafuta.

Upande wa pili, safari ya Dar es Salaam kwenda Zanzibar ni dakika 20 hivi. Hapo Dash 8-400 haikosi chochote. Bawa lake la mita 28.4 tayari ni refu na jembamba kwa mwili wake, na kwa upana huo halijasogelea kikomo cha mita 36. Kumlaumu mtengenezaji kwa kutoweka wingleti pale ni kumdai pambo.

Wanaotaja ndege wa porini nao wamechukua nusu ya habari. Ni kweli tai na korongo hutandaza na kuinua manyoya ya ncha. Lakini albatrosi, bingwa wa safari ndefu baharini, ana mabawa yanayoweza kuzidi mita 3, membamba na yaliyochongoka, bila manyoya ya kusimama. Tai anaishi na miti na miamba. Albatrosi hana geti.

Boeing 777X inajaribu kula kotekote: mita 71.8 angani, kisha ncha zinakunjwa hadi 64.8 ardhini. Gharama yake ni mota, makufuli, uzito, na masharti ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ya mwaka 2018 ya kuhakikisha ndege hairuki ncha zikiwa hazijafungwa sawasawa. Ilipaa kwa mara ya kwanza Januari 2020, na hadi mwisho wa 2025 ilikuwa haijabeba abiria wa kulipa hata mmoja. Ucheleweshaji huo umekuwa na sababu nyingi, injini zikiwemo. Bawa linalokunjika si la kulaumiwa peke yake, ila wahasibu wa mashirika watataka kuona bili ya matengenezo ya bawaba hizo kabla ya kukubali kwamba geti limeshindwa.