Baba wa Interstellar ni baba zetu

Mwandishi mmoja ameandika kuwa Interstellar, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2014, ni hadithi ya Wamarekani na roketi zao, haituhusu sisi wa Pwani ya Kenya. Hapo sikubaliani naye kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, na babangu alikuwa baharia. Kuna pale Cooper, yule baba wa filamuni aliyewaacha wanawe akasafiri angani, anaposhuka kwenye sayari ya maji, ambako saa moja ni miaka 7 ya duniani. Akirudi chomboni anakuta miaka 23 imeshapita. Anaketi kutazama jumbe za wanawe: yule wa kiume keshaoa, keshazika. Nililia. Babangu alikuwa akirejea bandarini Kilindini na nguo za zawadi zisizotuingia tena, maana akilini mwake tulikuwa bado wadogo vilevile alivyotuacha.

Na njaa je? Mle filamuni ugonjwa wa mimea unamaliza ngano, kisha bamia, yabaki mahindi na vumbi. Mkulima wa Kwale ambaye mahindi yake yamekauka yakiwa magotini hahitaji kufafanuliwa.

Hata roketi si ngeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, yaani miale isiyoonekana kwa macho itokayo huko mbali. Mimi shuleni sikufundishwa hilo hata siku moja, na linaniuma mpaka leo. Mwandishi, tafadhali tuandikie na hiyo.