Mboga ambayo haijalala haihitaji kifuniko

Juzi asubuhi sokoni Nyawera, hapa Bukavu, mama mmoja aliyeshuka na mzigo kutoka milima ya Kabare aliniwekea mkononi fungu la karoti changa, udongo ukiwa bado mbichi juu yake. "Mama, hii ni ya leo asubui, haiyalala," akaniambia. Nikachukua mafungu mawili, nikaongeza majani ya vitunguu, njegere na kopo moja la mashanza, maziwa yaliyoganda ya Bashi, wenyeji wa huku kwetu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza jambo linaloniuma kila mwaka: mboga kama hizi, tamu na laini, tunazitosa kwenye mafuta na nyanya mpaka karoti isijulikane na kiazi.

Mimi natetea tartini ya wazi. Kipande kimoja cha mkate, mboga juu yake, basi. Kipande cha pili cha nini? Ukifunika, mdomo unakutana na mkate kwanza na mkate mwishoni, na karoti iliyong'olewa alfajiri inapotea katikati.

Wadenmark wamejenga mlo mzima juu ya wazo hili. Wanauita smørrebrød, yaani siagi na mkate: kipande chembamba cha mkate mzito mweusi wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, siagi mpaka pembeni, kisha vinavyofuata, na huliwa kwa kisu na uma. Baridi ikiisha na viazi vya kwanza vikitoka, wanavichemsha, wanavikata vipande na kuvipanga juu ya mkate huo pamoja na majani ya vitunguu. Viazi juu ya mkate! Kule Brussels nako kuna tartini ya jibini nyeupe laini, figili na majani ya vitunguu. Nilipojua hivyo nilifikiria mashanza yetu, ambayo tumeyazoea pamoja na bugali na hatuyapi nafasi kwenye mkate.

Bukavu hatuna majira ya baridi yanayoua kila kitu. Ila tuna kiangazi. Julai na Agosti milima inakauka, na mboga nyingi zinatoka mabondeni penye maji, kwenye kilimo cha kiangazi tunachokiita msimu C. Septemba mvua ikirudi, watu wanapanda msimu A, ule wa kwanza wa mvua. Figili haikawii, wiki nne hivi inang'olewa. Karoti inadai kama miezi mitatu. Kwa hiyo kuanzia Novemba meza za sokoni zinageuka rangi, na huo ndio wakati wetu wa tartini.

Namna ninavyofanya: mashanza naimwaga kwenye kitambaa safi, naifunga na kuining'iniza saa mbili tatu ili maji yatoke, ibaki nzito ya kupakika. Mkate naukata unene wa kidole na kuuchoma kidogo juu ya mbabula, jiko letu la makaa, upande mmoja tu. Mashanza inapakwa upande uliochomwa, hadi kwenye kingo. Usiruke hatua hii, kwa sababu mafuta ya maziwa ndiyo yanayozuia maji ya mboga yasiingie kwenye mkate na kuulegeza. Asiyepata mashanza aponde avoka (parachichi) na ndimu, kazi ni ileile. Juu napanga karoti iliyokatwa nyembamba sana, majani ya vitunguu, chumvi, pilipili kidogo. Njegere nazitumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili tu, zinabaki kijani.

Shangazi yangu ananiambia mboga mbichi ni chakula cha mbuzi. Namheshimu, na ninajua woga wake unatoka wapi. Kipindupindu hakijawahi kutuhama hapa kandoni mwa ziwa, na mboga nyingine zinaoshwa mtoni kabla ya kufika sokoni, watu wakiamini wanazipendezesha. Ndiyo maana napendelea karoti yenye udongo kuliko inayong'aa. Nyumbani naiosha kwa maji yaliyochemshwa, namenya, naosha tena. Majani ambayo siyaamini nayapitisha kwenye maji yanayochemka, nusu dakika tu, ladha haipotei. Figili nimepanda mwenyewe kwenye magunia nyuma ya nyumba, namwagilia maji safi, hizo naziosha hivyohivyo kisha nazila mbichi bila wasiwasi.

Na kuna hesabu ya nyumba, ambayo kwangu ina uzito kuliko yote. Unga wa ngano unatoka mbali na mkate unapanda bei. Sisi ni saba mezani. Mkate uliokuwa unatutosha kwa shida asubuhi, kila mtu vipande viwili vikavu na majarini, sasa kila mtu anapata kipande kimoja kilichojaa, na pesa iliyobaki inakwenda kwa mama wa Kabare badala ya kwenda kwenye unga wa nje. Watoto wanakula karoti ambazo kwenye sufuria walikuwa wanazisogeza pembeni ya sahani. Wanaziona, wanazichagua, mdogo anazipanga duara mwenyewe.

Jioni naongeza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, watatu wanne juu ya mashanza, na majani ya vitunguu mengi. Jumamosi nitafika Nyawera kabla ya saa moja, kwa sababu juzi njegere zilibaki fungu la mwisho.